Mbwa Dume Aitwa Mjamzito Mtandaoni, Kumbe ni Dawa!

Picha ilikuwa ya kawaida tu. Mdada mmoja wa Dar, mwenye wafuasi wake wa kutosha, amekaa barazani kwake Mbezi, mbwa wake kalala pembeni. Komenti ya kwanza: "Dada, anazaa lini?" Zikafuata nyingine za hivyohivyo. Ishu ni kwamba mbwa mwenyewe ni dume.

Akacheka nao. Usiku, simu ikiwa chini, akamwangalia vizuri. Tumbo limening'inia kweli, lakini mgongo umekonda na mapaja yamekwisha nyama. Ubavuni manyoya yamepukutika, ngozi imekuwa nyembamba kama karatasi. Kupanda ngazi tatu tu za baraza, anahema kama katoka mbio.

Yote yalianza na muwasho. Daktari wa mifugo aliandika prednisoloni za siku kumi, na baada ya siku mbili tu mbwa akaacha kujikuna. Raha! Dozi ilipoisha muwasho ukarudi, naye badala ya kurudi kwa daktari akaenda duka la dawa. Tena. Na tena. Miezi saba.

Katikati hapo mbwa alianza kumaliza bakuli baada ya bakuli la maji na kukojoa sebuleni. Akagombezwa, akafungiwa nje. Akaiba kuku mezani, akaitwa mwizi. Maskini, wala hakuwa mwizi. Steroidi huleta kiu na njaa isiyoshiba.

Komenti zilimuuma, akafanya kile ambacho wengi wangefanya: akatupa vidonge vyote usiku uleule. Nusura amuue. Siku ya tatu mbwa alitapika, akagoma kula, akashindwa kusimama.

Daktari hakumfokea, akamweleza. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo. Mbwa akimezeshwa vidonge muda mrefu, tezi zinalala. Ukikata ghafla, mwili unabaki mtupu. Dozi inashushwa kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Si kwamba dawa ni mbaya, kuna mbwa wako hai kwa sababu yake, ila wanapewa kiasi kidogo kabisa kinachotosha, na wanapimwa.

Mbwa akawekewa dripu, akarudishiwa dawa ileile iliyotupwa. Mkojo ulipopimwa ukakutwa na maambukizi, maana kinga ilikuwa imeshuka. Na ule muwasho wa miezi saba? Viroboto. Vidonge vilikuwa vinanyamazisha kujikuna tu, viroboto wenyewe wanakula raha.

Manyoya yanarudi, polepole mno. Ile picha hajaifuta, komenti ndiyo amezifunga. Kiu haijaisha yote, na asubuhi nyingine anakuta sebule imelowa. Anachukua tambara, anadeki kimya, halafu anamjazia bakuli.