Magari ya Mulhouse na Bei Yake

Mjini Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa, kinu cha zamani cha kusokota sufu kimekuwa jumba la makumbusho ya magari. Familia zizuruzo huko hukimbilia Bugatti Royale, ambayo yaliundwa machache tu. Nasi tuiulizie bei. Mwaka 1964 ndugu Hans na Fritz Schlumpf, wenye kinu, walimlipa John Shakespeare wa Illinois, Marekani, dola 85,000 kwa magari 30 ya Bugatti, Royale moja ikiwamo. Yaani kila gari halikufika dola 3,000. Rahisi mno? Mengi yalikuwa yameachwa yakiharibika. Mnunuzi wa gari la namna hiyo huchungua kutu, huhakikisha kwamba injini ni ileile ya asili, huhesabu vipuri visivyotengenezwa tena, huongeza ujira wa mafundi na gharama za meli. Hapo ndipo hutaja bei. Hesabu hiyo ndugu hao waliimudu vyema. Iliyowashinda ni ya kinu chenyewe: mwaka 1977 wafanyakazi waliokuwa wakipoteza ajira waliingia ndani, wakakuta magari zaidi ya 400 yaking’aa, wakalishikilia jengo kwa takriban miaka miwili.