Visiwa Visivyo na Bahari

Tulitoka Mombasa baada ya swala ya alfajiri, sisi na mama watoto na binti yetu mdogo, tukaiacha minazi nyuma yetu, na kabla ya saa mbili tulikuwa tumekwisha kuingia nyika ya Taru. Tukasimama msikitini Mackinnon Road, kama ilivyo ada ya wasafiri wengi, kisha tukaendelea. Nyika ile ni kavu, miti yake ni ya miba na ardhi yake nyekundu. Mtu husafiri humo kwa muda mrefu hata akadhani kwamba haina mwisho. Ghafla, ukikaribia Voi, huinuka mbele yako mlima wa Sagalla, na nyuma yake Mbololo na Dabida, vilele vyake vimefunikwa na ukungu.

Sisi watu wa pwani twavijua visiwa. Atokaye Lamu kwenda Pate hana budi kupanda chombo, na asiye na chombo hukaa alipo. Milima ya Taita nayo ni visiwa, ila bahari inayoizunguka ni ya vumbi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi, huupitisha juu ya nyika bila kuudondosha, hata ukigonga milima hiyo hugeuka ukungu na mvua. Kwa hiyo juu mna msitu mbichi na chini mna jua kali. Kilele cha Vuria, kilicho kirefu kuliko vyote, kina mita 2,208.

Wataalamu wanasema kwamba zamani sana, hali ya hewa ilipokuwa na mvua nyingi zaidi, misitu ilitanda hata mabondeni. Ukame ulipozidi, msitu ukarudi nyuma ukapanda milimani, na viumbe wa msituni wakapanda nao. Waliobaki Sagalla wakatengana na waliobaki Dabida, na kati yao pakawa na joto wasiloweza kulivuka. Kila upande ukazaa peke yake, kizazi baada ya kizazi, na hitilafu ndogo ndogo za maumbile zikalimbikizana bila kuchanganyika tena na za upande wa pili, hata wale waliokuwa jamii moja wakawa aina mbili. (Hatukupanda mlima kujadili asili ya mwanadamu, mjadala huo una darasa lake.)

Mbololo tulipita haraka. Kina mama mnaopanda vyunguni lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, jueni kwamba lina ndugu yake wa porini aotaye kilima hicho tu, na ndugu wengine katika milima ya Usambara, Tanzania. Pia kuna ndege wa jamii ya mkesha, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye makao yake duniani ni mabaki machache ya misitu ya Taita. Msitu mmojawapo, Ngangao, hauzidi sana hekta 120. Ndege ana mbawa, utasema, aruke. Lakini huyu ni ndege wa kivuli, na bonde la Paranga lililo kati ya Mbololo na Dabida kwake ni kama bahari.

Tuliyemkusudia hasa yuko Sagalla. Mwenyeji wetu, mama wa makamo mwenye shamba karibu na kijito, aliinua gogo la mgomba lililooza, akachimbua kwa vidole, akatoa kitu mfano wa nyungunyungu mnene wa rangi ya kahawia. Binti yetu akarudi nyuma.

“Huyu si nyoka, Shekhe,” akasema yule mama, “wala hana neno.”

Ni jamaa wa chura asiye na miguu. Ngozi yake ni laini na yenye unyevu, na jua la nyika lingemkausha mara moja. Jamaa yake wa Dabida ana rangi ya buluu iliyokolea hata kukaribia weusi. Watu wa milima hii walikuwa wakiwafukua kwa majembe yao tangu zama, lakini ni mwaka 2005 tu ndipo wataalamu walipoandika kwamba huyu wa Sagalla ni aina ya peke yake, wakamwita Boulengerula niedeni. Hakuna mlima mwingine anamojulikana.

Na mnajua yule wa Dabida hulea vipi? Mama hutaga mayai udongoni akayalinda. Makinda yakishatoka, ngozi yake yeye mama hunenepa na kujaa mafuta, na wanawe huibambua kwa meno maalumu wakaila. Kisha huota nyingine, wakaila tena. Jambo hili lilitangazwa mwaka 2006. Mama watoto alisikiliza kimya, halafu akasema, “Na sisi twalalamika kunyonyesha.”

Pembezoni mwa shamba ilisimama safu ya mikaratusi. Mti huu hukua upesi na nguzo zake hununuliwa, lakini hunywa maji mengi, na chini yake udongo ulikuwa mkavu kama jivu. Tukamuuliza mwenyeji wetu kama aliwahi kumpata mnyama wake pale.

“Hapo? Hapana. Hapo hata magimbi yamekataa.”

Alikuwa amekwisha kukata saba, na visiki vyake tuliviona. Mitano iliyobaki, akasema, ni ada ya shule ya mtoto wake wa mwisho, naye yuko kidato cha tatu. Hatukuwa na neno la kumwambia, maana nasi twalipa ada. Alimrudisha yule kiumbe shimoni, akamfunika kwa udongo na majani, akalirudisha gogo mahali pake. Binti yetu aliuliza kama atakuwapo tukija tena.

“Mvua ikinyesha,” yule mama akajibu, akanawa mikono kijitoni.