Chuma cha Zamani

Wenzangu hapa chuoni hunicheka. Mtu ameacha jua la Morogoro kuja kusomea uhandisi kwenye baridi hii, halafu kila Jumamosi anapanda basi saa nzima kwenda kukwangua kutu kwenye behewa bovu, bila kulipwa hata senti. Ni kweli kabisa. Huu ni mwaka wa pili ninajitolea kwenye reli moja ya wapenzi wa treni za moshi, na kazi yangu ni mabehewa yanayoitwa Mark 1.

Kwa wasioyafahamu: reli za Uingereza zilitaifishwa 1948. Kabla ya hapo kulikuwa na makampuni manne makubwa, kila moja na mabehewa yake. Ikaamuliwa liwepo behewa moja la nchi nzima, na 1951 yakaanza kutoka. Bodi ya chuma, wakati mengi ya nyuma yake yalikuwa na mifupa ya mbao. Urefu kama mita 20, uzito zaidi ya tani 30, na viungio vya Buckeye vinavyoshikana kama viganja viwili vilivyokunjwa. Lile ninalolifanyia kazi ni la korido: vyumba 8, watu 8 kila chumba, magoti kwa magoti. Ukutani mna ubao laini, na kibandiko kidogo kinachotaja aina ya mti na ulikotoka. Siku niliyosoma kwamba ubao ule umetoka Afrika Magharibi nilicheka peke yangu. Kumbe tuko wawili humu.

Baba yangu ni fundi mstaafu wa reli. Nilipomtumia picha akapiga simu hapohapo.

"Umeona, mwanangu? Hicho ndicho chuma. Siku hizi wanatengeneza makopo."

"Ndiyo, Baba."

Sikusema hivyo kwa heshima tu, niliamini. Wazee wa Kiingereza ninaofanya nao kazi husema vilevile, ila wao husema huku wananywa chai.

Sasa, utafiti wangu unahusu mabehewa yanavyovunjika treni zikigongana, na hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mark 1 ina chesisi nzito chini, na bodi imekaa juu yake kama sanduku juu ya mkokoteni. Nguvu karibu yote iko kwenye mkokoteni. Katika mgongano mkali, chesisi moja ikiinuka na kupanda juu ya mwenzake, inaingia moja kwa moja kwenye sanduku, na sandukuni ndimo walimo watu. Mabehewa ya Mark 2, yaliyofuata katika miaka ya 1960, bodi na sakafu yake hubeba mzigo pamoja kama bomba moja.

Tarehe 12 Desemba 1988 treni ziligongana karibu na Clapham Junction, London, wakafa watu 35. Chanzo kilikuwa waya wa ishara uliofungwa ovyo, wala si behewa. Lakini mabehewa yaliyogongana yalikuwa ya ukoo huu wa Mark 1. Msimamizi wangu alinipa picha nizichambue. Nikaikuta nguzo ya mlango, imepinda kama kijiti. Niliijua nguzo ile, bwana. Ya namna hiyohiyo nilikuwa nimeipiga msasa Jumamosi iliyotangulia, nikaipaka rangi, nikaisifia. Nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Milango nayo ni habari nyingine. Ni ya kubamiza, na kwenye behewa letu unateremsha kioo, unatoa mkono, unafungua kwa nje. Mwezi Julai nilikuwa zamu ya jukwaani, treni inaingia bado haijasimama, nikaona mtoto wa miaka kama sita ametoa mkono anatafuta mpini. Nikapiga kelele, "Acha mlango!" Kwa Kiswahili! Sijui alielewa nini, lakini mkono ulirudi ndani. Gadi akaja kuniuliza nimesema nini, nikashindwa kujibu, miguu inatetemeka.

Kanuni za usalama za 1999 ziliamuru mabehewa ya ujenzi huu yaondolewe kwenye huduma za kawaida au yarekebishwe. Treni za milango ya kubamiza ziliisha kwenye njia kuu za kusini mwa London 2005, na tawi dogo la Lymington likabaki nazo hadi 2010. Kwetu sisi treni haizidi kilomita 40 kwa saa, na sasa hakuna anayegusa mpini kabla ya mtu wa zamu kufika mlangoni. Hilo nililipigania mimi, na wazee wawili bado hawanisalimii vizuri.

Nilimweleza Baba yote hayo. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Sisi tulikuwa tunapima uzito," akasema. "Kikiwa kizito, tunakisifu." Kisha akauliza, "Kwa hiyo hilo unalikwangulia nini?"

Nikamwambia viti vinapendeza. Akacheka, akaniomba picha ya viungio.

Jumamosi hii tunainua bogi la nyuma. Mwenye nafasi aje, basi linaondoka saa mbili asubuhi mbele ya maktaba. Uje na nguo za kuchafua na chakula chako, maana wale wazee wana biskuti tu.