Deni la Magharibi

Bi harusi mmoja alikuja kupima gauni hapa kwetu Mtumba, akatuuliza: "Mchumba wangu anapenda sana mpira. Nikiolewa nifuatane naye uwanjani?" Tukacheka. Sisi mafundi watatu wa cherehani nasi ni wapenzi wa mpira.

Tulianzia mechi za mchangani, tukikalia khanga pembeni. Dodoma Jiji ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, tukawa tunakwenda Uwanja wa Jamhuri. Oktoba 2024 tukavunja kibubu, tukapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam kutazama Simba na Yanga katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000.

Mechi ilianza saa 11 jioni. Magharibi iliingia kipindi cha pili, tukaambiana, "Bado kidogo." Dakika ya 86 Yanga yetu ikapata bao moja, tukakumbatiana. Filimbi ikalia, tukabanana mlangoni, na Isha ikatukuta bado njiani. Tuliilipa Magharibi usiku ule, lakini furaha ya ushindi ilikuwa imetutoka.

Mchangani, adhana ikiita, tunatandika khanga safi, tunaswali, kisha tunarudi kuuliza nani kafunga. Mkapa tutakwenda tena inshallah, ila safari hii mswala utakuwa mkobani na wakati ukifika tutanyanyuka.

Bi harusi tukamjibu: fuatana naye, mwanangu. Ila mkubaliane mapema nani atamgusa mwenzake bega swala ikiingia.