Gita Liliapo Kama Njuga



Tumezoea hapa kujadili vina, mizani na asili ya maneno. Leo naomba ruhusa yenu nizungumzie gita la umeme, tena gita la Wamarekani na Waingereza. Sijaacha ushairi. Gita hilo lilinifunza jambo la ushairi ambalo sikulipata katika chuo cha ualimu, na nililielewa nikiwa nimekwisha kumkosea mtu.

Mwaka 1988 nilikuwa nikifundisha Kiswahili na Kiingereza katika shule ya sekondari ya bweni, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Jirani yangu alikuwa kijana wa Kimarekani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati. Jioni, jenereta ya shule ilipozimwa, aliweka redio kaseti yake ya betri barazani nasi tukasikiliza kanda moja, ile ile, kwa sababu nyingine zote zilikuwa zimeliwa na vumbi. Upande wa kwanza alikuwa amerekodi nyimbo za The Byrds; upande wa pili santuri nzima ya R.E.M. iitwayo Murmur.

Gita la rock nililolijua kutoka redioni lilikuwa likinguruma. Noti zilipigwa kwa mkupuo, zikapitishwa katika mkwaruzo wa umeme, zikamfikia msikilizaji kama gogo moja. Gita la kanda ile halikunguruma. Kila uzi ulidonolewa peke yake, ukaachwa uendelee kulia huku uzi wa pili ukipokea, na wa tatu ukipokea kwa wa pili. Waingereza wana neno lao kwa mlio huo, nalo ni lile lile walitumialo kwa funguo au sarafu zinapogongana. Mimi nilipousikia nilisema: hizi ni njuga. Ni mguu wa mchezaji ngoma unaokuja kutoka mbali, kabla hujamwona mwenyewe.

Yule kijana alinieleza habari za mlio huo, nami baadaye nikaongezea kwa kusoma. Mwaka 1964 Roger McGuinn wa The Byrds aliitazama filamu ya The Beatles, akamwona George Harrison akipiga gita la Rickenbacker lenye nyuzi 12. Akajipatia la kwake. Mwaka uliofuata kundi lake likatoa “Mr. Tambourine Man”, wimbo uliotungwa na Bob Dylan, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Nyuzi 12 za gita hilo zimepangwa katika jozi sita. Katika jozi nne za chini, uzi mmoja huwa juu ya mwenzake kwa oktava moja. Katika jozi mbili za juu, nyuzi hulingana. Lakini kulingana huko hakukamiliki. Hata fundi hodari huacha tofauti ndogo mno baina ya uzi na mwenzake, na ni tofauti hiyo inayoufanya mlio umetemete kama maji yaliyopigwa na jua. Zingelingana kabisa, mng'aro ungepungua.

R.E.M. walianza mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, ambao ni mji wa chuo kikuu. Peter Buck, mpiga gita, alikuwa akiuza santuri dukani. Michael Stipe, mwimbaji, alikuwa mwanafunzi wa sanaa. Pamoja nao walikuwamo Mike Mills na Bill Berry. Murmur ilitoka mwaka 1983. Vituo vikubwa vya redio vilikuwa na nyimbo zao za biashara, na waliowabeba vijana hawa ni vituo vya wanafunzi wa vyuo, vilivyobanana chini kabisa mwa masafa ya FM. Mwaka huo huo, mjini Manchester, Uingereza, Johnny Marr wa The Smiths alikuwa akipanga magita juu ya magita katika “This Charming Man”, nayo yakilia kwa wepesi kama huo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini vijana wa bara mbili waliupenda mlio wa namna hiyo wakati mmoja. Nadhani walichoshwa na majigambo. Kwa miaka mingi mpiga gita alikuwa bingwa anayesimama mbele, akanyoosha solo dakika nzima ili ashangiliwe. Buck hakuwa na mazoea hayo. Gita lake liliuzunguka wimbo kama mtambaazi unavyouzunguka ukuta. Nalo jalada la Murmur lina picha ya mimea itambaayo, iliyomeza kila kitu mbele yake.

Na kwa nini mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliupenda? Kwa sababu sikio langu lilikuwa limekwisha kuandaliwa. Baba yangu alikuwa na santuri ya Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, ambako leo ni Likasi, nchini Kongo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, na gita lake lisilo na umeme lilidonolewa uzi kwa uzi, hata mtu akadhani wamekaa wapigaji wawili. Mwaka 1969 alifika hadi tamasha la Newport, Marekani. Sisemi kwamba vijana wa Athens walijifunza kwake. Nasema tu kwamba nilipolisikia gita la Buck, sikujiona mgeni.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Katika Murmur, Stipe haimbi kwa maneno yanayosikika vizuri. Huyatafuna, huyameza, huyaachia nusu. Usiku mmoja nilimwuliza jirani yangu, “Anasema nini huyu?” Akacheka, akajibu, “Mwalimu, hata sisi tuliozaliwa na lugha hii hatujui vizuri.” Nami nikaridhika. Nikaomba aigeuze kanda tuanze upya.

Juma lile lile nilisahihisha insha na mashairi ya Kidato cha Tatu. Binti mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa ameandika shairi kuhusu mvua juu ya bati la bweni. Mizani yake ilikuwa timamu, vina havikupwaya. Lakini maneno yake yaliandamana kwa mlio kuliko kwa mantiki; ubeti ukiusoma huwezi kuueleza kwa lugha ya nathari. Mimi nilikuwa mwanamapokeo wa kweli. Kitabu cha sheria za kutunga cha Amri Abedi nilikijua karibu kwa moyo, na Kichomi cha Kezilahabi nilikifundisha kwa shingo upande. Niliamini sauti ni mtumwa wa maana: hubeba mzigo, haulizwi. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni, “Maana iko wapi?” Nikampa alama 7 kati ya 20.

Binti yule alizoea kubandika mashairi yake kwenye ubao wa matangazo kila mwisho wa mwezi. Baada ya hapo sikuona lingine. Sikuliuliza. Jioni nilirudi barazani kusikiliza wimbo nisioelewa maneno yake, nikafurahi.

Ilinichukua miaka mingi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, jambo la kuaibisha kwa mtu aliyelipwa kufundisha wengine kufikiri. Ni siku nilipokuwa nikifungasha vitu vya kustaafu ndipo nilipoiokota ile kanda, na pamoja nayo likanijia lile shairi. Nikajaribu kulikumbuka. Neno hata moja halikuja. Kilichokuja ni mlio wake: zile “nda” na “ndo” na “ngo” zikidondoka moja moja, kila silabi ikiachiwa nafasi ya kulia kabla ya mwenzake kupokea. Nimesahihisha maelfu ya mashairi yenye dhamira iliyo wazi, nikayapa alama 15 na 16. Sikumbuki hata moja. Lile nililolihukumu kwamba ni sauti tupu ndilo lililobaki sikioni.

Miaka michache iliyopita nilikutana naye dukani kwake, akiuza vitenge. “Shikamoo Mwalimu!” Nikaitikia marahaba, kisha nikamweleza habari ya shairi la mvua, nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akacheka. “Mwalimu, mimi nililisahau zamani. Wewe bado unalo?” Nikamwuliza kama huandika siku hizi. Akakunja kitenge kimoja, akakiweka juu ya vingine. “Huwa nachagua misemo ya kanga,” akasema. “Wateja wanasema nina mkono.” Hakuongeza neno, nami sikuthubutu kuuliza zaidi.

Siwaambii mtupe maana, ndugu zangu. Ningali nadai vina viwe vina na mizani iwe mizani. Nasema tu kwamba kuna shairi linalomfikia mtu kama njuga, mlio ukitangulia na mwili ukifuata baadaye, pengine baada ya miaka 30. Mwalimu anayelisubiri hapo mlangoni na kalamu nyekundu hatalisikia likija.

Kwa wale mnaofundisha bado, nina ombi moja. Kabla ya kuandika chochote pembeni mwa shairi la mtoto, funga mlango ulisome kwa sauti, mara mbili. Mimi sikulisoma lile kwa sauti hata mara moja. Nilikuwa na haraka ya kwenda kusikiliza gita.