Kutoka Chumbani Hadi Sebuleni

Miaka ya mwanzo ya 2000, filamu za nyumbani kwetu Temeke zilikuwa kwenye kompyuta ya kaka, chumbani kwake. Kioo kikubwa kilikuwa cha televisheni ya chogo, sebuleni. Kazi ikawa kuvusha picha korido.

Kaka alinunua Kariakoo waya mrefu wenye vichwa vitatu: cha njano kwa picha, chekundu na cheupe kwa sauti. Akaupitisha juu ya mlango kwa misumari.

“Dogo, imekuja?”

“Imekuja, kaka, ila haina rangi!”

Kompyuta ilikuwa ikitoa picha kwa mfumo wa NTSC wa Kimarekani, na televisheni zetu zilifuata PAL. Alipobadilisha, rangi zikajaa. Maandishi madogo hayakusomeka hata hivyo, maana katika mistari 625 ya PAL, 576 tu ndiyo hubeba picha. Na mgeni akibisha hodi katikati ya filamu, mimi ndiye niliyetumwa chumbani kuisimamisha.

HDMI, iliyotangazwa mwaka 2002, ilitufikia baadaye sana pamoja na televisheni bapa. Waya mmoja ukabeba picha safi na sauti. Lakini ule wa zamani ukirefuka picha ilififia kidogo kidogo. Huu ukizidi urefu, kioo hukatakata au huwa cheusi tii. Korido ikatushinda, tukawa tunaleta laptop sebuleni.

Mageuzi yenyewe yaliingia na Wi-Fi, kwa sababu televisheni nayo ilikuwa imegeuka kompyuta. Haikungoja tena picha iliyokwisha kuchorwa chumbani. Ililetewa faili, ikaifungua yenyewe. Mwaka 2013 ikaja Chromecast, na hata faili haikuhitaji kupita mikononi mwetu: simu inatoa amri tu, kifaa kilichochomekwa kwenye televisheni kinaifuata video intaneti.

Watu husema umbali umekwisha. Mimi naona umehama. Filamu iliyokuwa ng'ambo ya korido sasa huenda iko kwenye seva ya nchi nyingine, na kila ikiitwa, bando ndiyo nauli yake. Mwenye filamu akiiondoa huko, amri ya simu haina cha kuleta. Kwa hiyo zile tunazozirudia nazihifadhi kwenye diski humu humu ndani. Za kutazama mara moja ndizo ninazoziachia bando.