Kinasa cha Shingoni

Nilipokuwa karani kijana huko Newala, nilikabidhiwa fedha za kikundi cha muziki cha vijana. Zilikuwa fedha za jasho, kwani kila mmoja alitoa sehemu ya mauzo yake ya korosho. Gita lao pekee la umeme lilikuwa limeharibika kinasa cha upande wa shingo, nami nikatumwa Masasi kununua kingine.

Kinasa, ambacho wanamuziki hukiita pikapu, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma utetemekapo juu yake, umeme kidogo huzaliwa, kisha hukuzwa na kupelekwa kwenye spika. Gita lile lilikuwa na viwili: kimoja karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia chini ya mkono wa kulia, na kingine karibu na shingo. Penye daraja uzi hutetemeka kwa kadiri ndogo, na sauti hutoka kali na nyembamba. Kuelekea shingoni hutetemeka kwa wingi, na sauti hutoka nene na tamu.

Mimi sikuyajua hayo. Fundi wa redio alinionyesha vinasa viwili. Nikauliza kipi chenye nguvu zaidi, nikalipa, nikapanda uwanda wa juu wa Makonde kurudi Newala nikijiona mjanja.

Jumamosi ile mpigaji alipotumia kinasa cha shingoni, nyuzi nene zilivuma hata maneno ya mwimbaji yakamezwa. Maneno yenyewe nilikuwa nimeyatunga mimi. Aliporudi kwenye cha daraja, sauti ilisinyaa. Watu waliondoka mapema. Vijana hawakunilaumu, na kimya chao kiliniuma zaidi.

Siku chache baadaye nilimkuta mzee mpiga ngoma akikaza ngozi kwa moto kwa ajili ya sindimba. Alianza na kinganga, ngoma ndogo yenye sauti kali. Kisha akaisogeza ngoma kubwa motoni kidogo kidogo, kila mara akizigonga zote mbili, akaiondoa kabla haijaifunika ndogo.

"Mwanangu," aliniambia, "kubwa haikazwi peke yake. Hukazwa kwa kusikiliza ndogo."

Nilirudi Masasi. Fundi alikubali kunibadilishia, nami nikafidia hasara kwa mshahara wangu. Safari hii nilichukua kile nilichokidharau, chenye mizunguko michache ya waya kuliko kile cha daraja. Fundi alinieleza kwamba shingoni uzi wenyewe una nguvu ya kutosha, hivyo kinasa cha hapo hufaa kiwe kipole. Akakishusha kidogo mbali na nyuzi ili sauti zilingane. Mwisho akajaribu vyote viwili pamoja, maana waya zikiunganishwa kinyume, vinasa hupingana na sauti hupwaya.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba kukataa kujifunza kwa mataifa mengine ni upumbavu, lakini kujifunza si kuacha kilicho chetu. Gita tumelipokea kutoka ng'ambo, na watu kama Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, walilifanya letu. Sikio la kulipatanisha, mimi nililipata Newala, kando ya moto wa ngoma.

Tangu siku hiyo, niulizwapo kipi kilicho bora, nami huuliza kwanza: kitakaa na nani?